Umepewa antibayotiki ya jipu, kidonda au mguu uliovimba? Mwongozo kamili wa kuitumia bila kujiumiza

Huku kwetu, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga, antibayotiki imekuwa kama panadoli. Mtu ana jipu anameza, ana mafua anameza, mguu umevimba kwa sababu amekanyaga kisiki shambani anaingia duka la dawa anasema "nipe zile za rangi mbili za buku", anapewa sita, anameza tatu, zingine anamuachia shemeji. Alafu baada ya wiki tunashangaa mguu umekuwa kama gogo.

Huu mwongozo ni kwa yule ambaye ameshaonwa na daktari au tabibu, ameandikiwa dawa ya bakteria wa ngozi, sasa yuko nyumbani na bahasha mkononi. Kama hujaonwa bado, soma hivyo hivyo itakusaidia kujua kwanini uende, ila usiitumie kama cheti cha kwenda kununua.

Kwanza, ni bakteria kweli?

Ngozi inaugua kwa njia nyingi na nyingi hazihusiani na antibayotiki kabisa. Mapunye ya watoto ni fangasi. Upele unaowasha usiku, nyumba nzima mnajikuna katikati ya vidole na kiunoni, ule ni mdudu anayechimba ngozi, dawa yake ni ya kupaka na mnapaka wote siku moja hata asiyewashwa, na nguo na mashuka yanafuliwa. Malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa mwili, yanachoma kama umeungua, huo ni mkanda wa jeshi, ni virusi, na dawa yake inafanya kazi vizuri ukiiwahi ndani ya masaa 72, kwa hiyo zile siku tatu unazopoteza ukimeza amoksilini ndo siku zenyewe.

Vya bakteria vinavyoonekana sana ni vitatu. Kuna majipu. Kuna vidonda vya watoto vinavyozunguka pua na mdomo, vinatoa maji alafu vinakauka kuwa na maganda rangi ya asali, vinaambukizana darasa zima. Na kuna ule uvimbe wa ngozi unaosambaa, mara nyingi kwenye mguu mmoja, pana moto, panauma, ngozi imevutika inang'aa, madaktari wanaita selulaitisi. Wahusika wakuu ni bakteria wawili, stafilokokasi na streptokokasi, na hapa ndo penye kosa la watu wengi: stafilokokasi wengi siku hizi penisilini ya kawaida na amoksilini peke yake haiwafanyi kitu, wana kimeng'enya cha kuivunja. Ndio maana daktari anakuandikia kloksasilini, flukloksasilini, sefaleksini au nyingine kabisa, sio kwamba anataka utumie hela nyingi. Ukifika dukani ukaambiwa "hiyo hamna ila chukua Flagyl ni zile zile", sio zile zile hata kidogo. Mwambie ampigie aliyekuandikia au nenda duka lingine.

Kuhusu jipu, sikiliza vizuri. Jipu lililoiva lina mfuko wa usaha, na dawa inayopita kwenye damu haiingii vizuri humo ndani. Tiba yake ni kupasuliwa na mtu aliyefundishwa, kwa kifaa safi, usaha utoke. Majipu mengine madogo yakishapasuliwa hata dawa ya kumeza hauhitaji. Sio wewe kulikamua kwa kucha wala kwa sindano ya kushonea, na hasa la usoni karibu na pua na mdomo wa juu usiliguse kabisa, mishipa ya hapo inaelekea ndani ya kichwa. Likiwa bado halijaiva weka kitambaa cha maji ya moto, moto unaovumilika sio wa kuunguza, dakika 10 hadi 15, mara tatu nne kwa siku.

Kabla hujatoka kwenye dirisha la dawa

Watu wengi wakifika dirishani wanataka kuondoka tu, foleni ndefu, daladala inasubiri. Tulia. Kuna mambo lazima uyaseme hata kama hujaulizwa.

Aleji kwanza. Kama umewahi kupata dawa ya jamii ya penisilini ukatoka vipele mwili mzima, midomo ikavimba au kifua kikabana, sema kwa sauti. Kloksasilini, flukloksasilini, amoksilini na Ampiclox wote ni ndugu wa tumbo moja, huwezi kumkataa mmoja ukampokea mwingine, na sefaleksini ni kama binamu yao, daktari ndo aamue. Kuharisha kidogo au kichefuchefu sio aleji, ni maudhi ya dawa, usije ukajiandikisha una aleji ukakosa dawa nzuri maisha yako yote.

Sema kama una mimba au unanyonyesha. Doksisaiklini kwa kawaida haipewi mama mjamzito wala mtoto mdogo chini ya miaka 8, inaharibu rangi ya meno ya mtoto. Sema kama una kisukari, shida ya figo au ini. Sema dawa zote unazomeza, ikiwemo za kuzuia damu kuganda na dawa za asili. Kama unatumia ARV na unapewa Septrin ya kila siku, sema pia, kwasababu anaweza akakuandikia Septrin nyingine juu ya ile. Kama kunong'ona dirishani unaona aibu, muonyeshe kadi ya kliniki, hamna anayeitangaza.

Alafu soma bahasha ukiwa bado umesimama pale pale. Ile "2x4" iliyoandikwa kwa peni maana yake ni kapsuli mbili, mara nne kwa siku. Wapo wanaoisoma kuwa ni mbili kwa siku nne, na wapo wanaomeza nne mara mbili. "1x3" ni kimoja mara tatu. Ambacho mara nyingi hakiandikwi ni siku ngapi, na kabla au baada ya kula. Uliza vyote viwili, mwambie akuandikie kwenye bahasha hiyo hiyo. Hesabu na kapsuli: 2x4 kwa siku 5 ni kapsuli 40. Ukiona umepewa 20, uliza hapo hapo.

Nunua kwenye duka lililosajiliwa, famasi au duka la dawa muhimu, yale ya DLDM ambayo yalianzia kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003. Dawa ya kwenye meza ya mnadani achana nayo, hata kama boksi linang'aa. Angalia tarehe ya kuisha, angalia kapsuli hazijalowa wala kushikana.

Saa za kumeza, hapa ndo kazi ilipo

Antibayotiki nyingi za ngozi zinakaa mwilini mda mfupi. Ukimeza asubuhi ukaja kukumbuka usiku, katikati hapo bakteria wamepumua wamejipanga upya. Kwa hiyo "mara tatu kwa siku" sio asubuhi, saa nne na mchana ili umalize mapema. Gawa siku nzima.

Mara mbili: saa moja asubuhi na saa moja usiku. Mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Mara nne ndo ngumu, ni kila baada ya masaa sita, saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili, saa sita.

Kloksasilini na flukloksasilini zinataka tumbo tupu, yani saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula, chakula kinapunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Sasa mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda kuchimba viazi Isyonje au kuchuma chai Mufindi afanyeje? Inawezekana bila kujitesa. Meza ukiamka tu na maji, chai na kiazi utakunywa baada ya saa moja hivi. Ya saa sita mchana meza ukiwa shambani, ugali ule saa saba, hapo uwe umebeba maji safi na dozi ya mchana peke yake kwenye kikaratasi, sio bahasha nzima inyeshewe. Ya saa kumi na mbili meza ukirudi kabla moto haujawashwa. Ya mwisho, kama mnakula usiku saa mbili, imeze saa nne na nusu au tano unapoenda kulala, tofauti ya saa moja au moja na nusu haiharibu kitu kama kila siku unaifuata hiyo hiyo. Weka alamu kwenye simu, hata kiswaswadu kina alamu.

Sefaleksini na amoksilini hazina shida na chakula, tumbo likisumbua kula kwanza. Doksisaiklini ina masharti yake: meza baada ya kula, glasi nzima ya maji, alafu usilale angalau nusu saa, ikikwama kooni inachoma inaacha kidonda. Usiimeze pamoja na maziwa, vidonge vya damu vyenye madini ya chuma au dawa za kiungulia, pisha masaa mawili matatu. Na ukiwa unaitumia funika mikono na vaa kofia, maana baridi ya Njombe na Makete inadanganya, unahisi hakuna jua kumbe linakuunguza, na hiyo dawa inaongeza kuungua.

Ukisahau dozi, meza pale ulipokumbuka. Kama inayofuata imekaribia sana, iruke uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa mpigo kufidia. Ukitapika mara tu baada ya kumeza, piga simu au rudi uulize, usikisie.

Swali ambalo lazima liulizwe: vipi ulanzi? Kloksasilini na sefaleksini hazigombani na pombe kwa namna ya kukuangusha, ila Flagyl inagombana, unaweza kutapika, moyo ukaenda mbio, kwa hiyo kama umeandikiwa nayo acha pombe mpaka siku tatu zipite baada ya kidonge cha mwisho. Na hata kwenye hizo nyingine, mimi nakwambia acha tu, kwasababu ninavyoijua Iringa msimu wa ulanzi, mtu akishakaa kilabuni dozi ya saa nne hakumbuki hata ameacha wapi bahasha.

Chora mstari kwa peni

Hii ni kitu rahisi, ya bure, na karibu hakuna anayeifanya. Siku unayoanza dawa, chukua peni ya kawaida, zungushia mpaka wa uvimbe, andika saa pembeni. Kesho yake angalia kama uvimbe umevuka mstari au umerudi ndani.

Ila tatizo, vitabu vingi vinasema chora kwenye mwisho wa wekundu, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, panakuwa tu peusi zaidi au zambarau, panang'aa. Kwahiyo usitegemee macho. Tumia mgongo wa kiganja, anza mbali kwenye ngozi nzima, shuka taratibu, sehemu unapoanza kuhisi joto weka nukta. Zunguka hivyo pande zote alafu unganisha nukta. Bonyeza pia kuona ngozi imekazia wapi. Linganisha na mguu wa pili. Piga na picha ya simu, ukirudi kwa daktari muonyeshe, itamsaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Masaa 24 ya kwanza mstari unaweza kuvukwa kidogo hata kama dawa inafanya kazi, usiingiwe na hofu kama homa haipandi na maumivu hayazidi. Lakini ndani ya masaa 48 hadi 72 maumivu, joto na homa vinatakiwa viwe vimepungua. Kama hamna kilichobadilika, rudi, usiongeze dozi mwenyewe wala kubadili dawa. Inawezekana kuna usaha umejificha, inawezekana bakteria ni sugu na usaha unatakiwa upelekwe maabara ukapimwe dawa gani inamuua, inawezekana hata sio bakteria.

Kidonda chenyewe

Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kausha kwa kitambaa safi, funika kwa gozi au kitambaa kilichopigwa pasi. Kama ni vidonda vya maganda vya mtoto, lainisha kwa maji ya uvuguvugu maganda yatoke ndo upake dawa, ukipaka juu ya ganda unapaka ganda. Dawa ya kupaka kama mupirosini inatosha kwa vidonda vichache, kawaida mara tatu kwa siku kwa siku 5, na mtoto asiende shule siku moja mbili za mwanzo.

Kufungua kapsuli na kumwaga unga wake kwenye kidonda, acheni jamani. Unga unagandamana na usaha unafunika uchafu ndani, na unaweza kukuletea aleji. Unga wa betri ndo usiseme. Na zile krimu zenye dawa tatu ndani ya tyubu moja, zinazouzwa kwa kila kitu kuanzia chunusi mpaka fangasi, nyingi zina steroidi, zinapunguza wekundu na muwasho unafikiri umepona kumbe ugonjwa unatambaa chini kwa chini.

Mguu uliovimba uinue. Ukikaa weka juu ya stuli, ukilala weka mito mpaka uwe juu kuliko kifua. Nimeona watu wanameza dawa vizuri kabisa ila kutwa nzima wamesimama sokoni Mwanjelwa, uvimbe haushuki wanalaumu dawa.

Alafu angalia katikati ya vidole vya miguu. Huku kwetu mtu anashinda na gambuti lenye maji, jioni anaota moto nalo, ngozi ya katikati ya vidole inakuwa nyeupe inachubuka, ni fangasi, na kile kimpasuko kidogo ndo mlango alioingilia bakteria mpaka ugoko ukavimba. Unatibu ugoko, mlango umeuacha wazi, miezi michache unarudi na mguu ule ule. Omba dawa ya fangasi, kausha vidole, na usiku acha gambuti limegeuzwa kichwa chini likauke. Nyufa za visigino za kipindi cha baridi ni vile vile, paka mafuta mazito usiku.

Kama kidonda kilitokana na msumari au jembe, uliza chanjo ya pepopunda. Kama ni mbwa amekuuma, osha kwa sabuni na maji mengi dakika 15 na nenda siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, antibayotiki haizuii kichaa.

Maumivu meza parasetamoli. Diklofenaki za kununua mwenyewe kwenye selulaitisi sizipendi, zinaweza kuficha homa na maumivu ambayo ndo yangekuonya kwamba mambo yanaharibika.

Mtoto na dawa ya maji

Dozi ya mtoto inatokana na kilo zake, sio umri wa kukisia, apimwe siku hiyo hiyo. Dawa ya unga inachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa, kwanza gonga chupa unga uachie, weka nusu ya maji tikisa, alafu malizia. Tikisa kila kabla ya kumpa. Pima kwa kikombe chake au bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Ikishachanganywa ina siku zake, zipo kwenye boksi, zikipita mwaga hata kama imebaki nusu, usimtunzie mdogo wake.

Maliza ulichoandikiwa

Selulaitisi ya kawaida na majipu mara nyingi ni siku 5 hadi 7, ila fuata ulichoambiwa wewe. Siku ya tatu utajisikia mzima, na siku hiyo ndo bahasha nyingi zinatupwa juu ya kabati. Fleming mwenyewe aliyegundua penisilini 1928, alipopokea Nobel 1945 alionya kwamba kumeza dozi ndogo kunawafundisha bakteria kuizoea dawa. Upande wa pili, ukimaliza siku zako na ngozi bado ina weusi, inabambuka au imevimba kidogo jioni lakini haina moto wala maumivu, hiyo ni kupona, hauhitaji kununua dozi nyingine.

Acha kila kitu, nenda hospitali sasa hivi

Midomo, ulimi au uso kuvimba, kupumua kwa shida, kuzimia baada ya kumeza: ni aleji kali, usisubiri asubuhi. Vidonda mdomoni pamoja na macho mekundu na ngozi kuanza kutoka malengelenge au kubambuka, hasa kwa aliyepewa Septrin, acha dawa nenda. Macho kuwa ya njano, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza flukloksasilini. Kuharisha sana au kuharisha damu.

Kwa upande wa ugonjwa: homa na kutetemeka, kuchanganyikiwa, michirizi inayopanda kuelekea kwenye mtoki, uvimbe kuzunguka jicho, mkono uliovimba vidole havikunjiki. Na hili lishike: maumivu makali kuliko kinachoonekana, uvimbe unaokimbia kwa masaa, ngozi kuwa nyeusi au kufa ganzi au ukibonyeza inatoa mlio kama kuna hewa ndani. Hapo bakteria wanakula nyama ya chini, inahitaji upasuaji, sio zahanati tena, kodi gari mpaka hospitali ya rufaa. Kichanga, mwenye kisukari aliyepata kidonda cha mguu na mwenye kinga ndogo wasisubiri hata dalili hizo.

Majipu yanayorudi rudi

Ukitoka jipu, likapona, likaja lingine kwapani, lingine makalioni, sio "damu chafu". Pima sukari na pima VVU, hiyo ni ya kwanza. Ya pili, stafilokokasi wanapenda kukaa ndani ya pua bila kukuumiza, mnapeana humo humo nyumbani kwa taulo moja, wembe mmoja, blanketi moja watoto watatu. Kila mtu na taulo lake, fua mashuka kwa maji ya moto na uanike juani, saluni nenda na mashine yako au hakikisha inasafishwa kwa spiriti mbele ya macho yako. Na muulize daktari kama kuna haja ya kusafisha pua kwa dawa ya kupaka na kuogea sabuni maalumu kwa siku kadhaa, mara nyingi inafanywa kwa watu wote wa nyumba kwa pamoja.